Cheo na Hema: Majeshi ya Majimbo katika Ufalme wa Prester John na katika Uhabeshi

UTANGULIZI

Katika karne ya 12 ulienea huko Ulaya waraka uliodaiwa kuandikwa na mfalme mmoja Mkristo aliyetawala nchi za mbali mashariki, naye alikuwa mfalme na kasisi kwa pamoja. Jina lake lilikuwa Prester John, yaani Kasisi Yohana. Waraka huo, unaokadiriwa kuwa wa mwaka 1165 hivi, ulielekezwa kwa Manuel Komnenos, Kaisari wa Konstantinopo. Ndani yake mfalme huyo anajisifu kwamba wafalme 72 wanamlipa kodi, na kwamba katika nchi yake unapita mto utokao Peponi ukichukua vito vya thamani. Mfalme huyo hakuwako. Hata hivyo ufalme wake wa kubuniwa ulitafutwa kwa karne kadhaa kama kitu kilichopotea, si kama kitu kisichokuwapo. Mwaka 1177 Papa Alexander III alimwandikia barua; na baadaye mabaharia wa Ureno waliagizwa na wafalme wao waulizie habari zake kila bandari watakayofika.

Makala haya yanachunguza jambo moja tu la ufalme ule, nalo ni jinsi majeshi yake yalivyosemekana kupangwa na kuamriwa. Kisha yanalinganisha habari hizo na za ufalme wa kweli uliokuja kuvishwa jina la Prester John, yaani Uhabeshi. Mlinganisho huu una faida kwa mwanafunzi wa historia na kwa mwanafunzi wa lugha pia. Jeshi la waraka ni hesabu. Jeshi la Uhabeshi lilikuwa mpango wa mahali na wa chakula, na mpango huo ulihifadhiwa ndani ya maneno, yaani katika vyeo vya wakuu wake. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba nguvu ya majeshi ya majimbo ya Uhabeshi na udhaifu wake vilitoka katika shina moja: askari alikuwa wa yule aliyemlisha.

JESHI LA WARAKA

Waraka wa Prester John hausemi mengi juu ya vita, lakini machache unayosema yanatosha. Mfalme aendapo vitani, hapeperushi bendera. Mbele yake hutangulia misalaba 13 mikubwa ya dhahabu na vito, kila mmoja juu ya gari lake, na kila msalaba hufuatwa na askari wapanda farasi 10,000 na wa miguu 100,000. Msomaji akijumlisha atapata askari 1,430,000. Waraka unaongeza kwamba hesabu hiyo haiwahusishi watu waliowekwa kutunza mizigo na chakula cha jeshi.

Hapana budi kuangalia kile ambacho hakimo katika maelezo hayo. Hapatajwi jemadari hata mmoja. Haielezwi kila kikosi kimetoka jimbo gani, nani amekikusanya, kinalala wapi, wala kinapokea amri kwa njia gani. Wafalme wa chini na mabwana wa majimbo wanatajwa, lakini mahali pao ni mezani: wafalme saba humtumikia Prester John kwa zamu ya mwezi, na baada yao watawala wengine kwa makumi na mamia. Basi mabwana wa majimbo wanaonekana wakati wa kula, wala hawaonekani wakati wa kupigana. Na wale walishao jeshi wametolewa katika hesabu kwa sentensi moja.

Mwenye kuzoea tendi za maghazi hatashangazwa na desturi hii. Katika utungo wa namna hiyo idadi ya askari ni sifa ya mfalme, kama zilivyo sifa dhahabu na vito vyake. Haikusudiwi kuhakikishwa na karani. Kosa halikuwa la mtungaji. Kosa lilikuwa la wasomaji waliouchukua utungo kuwa taarifa, wakautafuta ufalme huo ili uwasaidie katika vita vyao wenyewe.

JINA LAFIKA UHABESHI

Mwanzoni Prester John alitafutwa Asia. Asipopatikana huko, kuanzia karne ya 14 watu wa Ulaya walizidi kumweka Uhabeshi, kwa kuwa habari ziliwafikia kwamba kusini ya Misri kuna mfalme Mkristo mwenye nguvu. Pwani ya Afrika ya Mashariki nayo iliingia katika utafutaji huo. Vasco da Gama alipofika kisiwa cha Msumbiji mwezi Machi 1498, watu wake waliandika kwamba wameambiwa Prester John hayuko mbali na hapo. Mwezi uliofuata walikuwa Malindi, na kutoka Malindi walivuka kwenda Bara Hindi bila ya kumwona.

Mwaka 1520 wajumbe wa Ureno walifika kwenye kambi ya Mfalme Lebna Dengel wa Uhabeshi. Miongoni mwao alikuwamo kasisi Francisco Álvares, aliyekaa nchini humo miaka sita. Kitabu chake kilichapwa Lisbon mwaka 1540, na hata baada ya kukaa muda wote huo bado jina la Prester John liliwekwa kwenye anwani yake. Lakini habari zilizomo ndani si za misalaba ya dhahabu. Álvares alikuta mji mkuu unaohama. Alieleza jinsi hema la mfalme lilivyosimamishwa mahali pa juu, jinsi makanisa, majiko na mahema ya wakuu yalivyopangwa kuume na kushoto kwake, na jinsi kila mtu alivyojua pa kukita hema lake kila kambi ilipohamia. Alieleza pia kwamba palikuwa na wakuu wawili wenye cheo cha bitwoded, maana yake mpendwa, mmoja wa upande wa kuume na mmoja wa upande wa kushoto. Kwa maneno mengine, alichokiona Álvares ni jeshi lililolala, na mpango wa jeshi lililolala ndio uliokuwa mpango wa jeshi liendapo vitani.

VYEO NI MAHALI

Vyeo vya kijeshi vya Uhabeshi vinathibitisha jambo hilo waziwazi kuliko taarifa ya msafiri yeyote. Neno azmach lina maana ya kiongozi wa msafara wa vita. Kutokana nalo kulikuwa na dejazmach, yaani kiongozi wa mlangoni, ambaye mahali pake palikuwa mbele ya mlango wa hema la mfalme. Qegnazmach, kiongozi wa kuume. Na gerazmach, kiongozi wa kushoto. Fitawrari alikuwa kiongozi wa kikosi cha mbele, kinachotangulia kuiona njia, maji na adui. Balambaras alikuwa mkuu wa amba, yaani mlima wenye kuta za majabali uliotumika kuwa ngome. Juu ya hao wote alikuwa ras, maana yake kichwa, na juu ya ras ni negus, mfalme wa jimbo kubwa, na juu ya wafalme ni neguse negest, mfalme wa wafalme.

Mtu aliyepewa cheo hivyo alipewa mahali. Hakuhitaji ramani wala karatasi ya amri ili ajue asimame wapi siku ya vita, kwa sababu jina lake lenyewe lilimwambia. Jambo la kutilia maanani zaidi ni kwamba kila bwana mkubwa wa jimbo aliurudia mpango huo katika jeshi lake mwenyewe. Ras wa jimbo naye alikuwa na fitawrari wake, na viongozi wake wa kuume na wa kushoto. Kambi ya jimbo ilikuwa kambi ndogo yenye umbo la ile kubwa, na majeshi ya majimbo mbalimbali yalipokutana yaliweza kuungana bila ya kuvunjwa na kuundwa upya. Kila jeshi liliingia zima, likawa ubavu mmoja au kikosi cha mbele cha jeshi lililo kubwa zaidi. Huo ndio ufundi wa uamrishaji ambao waraka wa Prester John haukuuwaza.

Sauti ya amri ilikuwa ngoma. Nagarit, ngoma kubwa ya utawala, ilipigwa ili tangazo la mfalme lisikilizwe, na bwana aliyepewa jimbo kubwa alipewa pia haki ya kupigiwa nagarit. Kwa watu wa pwani, ambao watawala wao wa Pate na Lamu walikuwa na siwa, si ajabu kuona mamlaka yakikaa katika chombo kinacholia. Neno hilo halikufa pamoja na majeshi ya zamani. Gazeti rasmi la sheria za Ethiopia lilipoanzishwa mwaka 1942 liliitwa Negarit Gazeta, na jina la ngoma likabaki juu ya karatasi.

Neno jingine linalostahili kutajwa ni shum, mtu aliyewekwa katika madaraka. Kuweka na kuondoa kuliunganishwa kuwa neno moja, shumshir, ambalo maana yake ni kuteua na kuuzulu. Lugha inayoyaweka mambo hayo mawili katika neno moja inashuhudia siasa ya nchi: mfalme aliyeogopa kwamba bwana wa jimbo ameota mizizi alimhamisha, na bwana aliyepewa cheo leo alijua kwamba neno lilelile lina nusu ya pili.

ARDHI NA CHAKULA

Mahali pa kusimama hapatoshi. Askari lazima ale. Katika nyanda za juu za Uhabeshi palikuwa na haki mbili juu ya ardhi. Ya kwanza ni rist, haki ya ukoo ya kulima na kurithi. Ya pili ni gult, haki ya kupokea kodi na utumishi kutoka kwa wakulima wa mahali fulani, ambayo mfalme aliwapa makanisa na mabwana. Aliyepewa gult kwa ajili ya vita alipaswa kuja na watu wake, silaha zao na chakula chao mfalme aitapo. Hazina ya mfalme haikumlipa askari mshahara. Mkulima alimlipa, kwa nafaka, asali, mifugo na kazi ya mikono.

Wafalme wenye nguvu walijaribu kuwa na majeshi yasiyotegemea mabwana wa majimbo. Tangu enzi ya Amda Seyon (1314–1344), na hasa enzi ya Zara Yaqob (1434–1468), vikosi vya mfalme vilivyoitwa chewa viliwekwa katika majimbo, hususan ya mipakani, ili vilinde nchi na pia vimlinde mfalme dhidi ya watawala wake mwenyewe. Lakini hata chewa walilishwa na wakulima wa huko walikokaa.

Mpango huu ulipata pigo kuu katika karne ya 16. Mwaka 1529 Imam Ahmad ibn Ibrahim wa Adal alilishinda jeshi la Lebna Dengel huko Shimbra Kure, na kwa miaka iliyofuata aliteka sehemu kubwa ya ufalme. Jimbo likishatekwa, gult yake haikuweza tena kutoa askari, wala mfalme hakuwa na chakula cha kuwakusanyia wengine. Lebna Dengel alikufa mwaka 1540 akiwa mkimbizi katika nchi yake. Mwaka 1541 waliwasili Wareno 400 wenye bunduki, wakiongozwa na Cristóvão da Gama, mwana wa yule Vasco aliyefika Malindi. Kiongozi huyo alishindwa na kuuawa mwaka 1542. Masalio ya watu wake waliungana na Mfalme Galawdewos, na mwezi Februari 1543 Imam Ahmad aliuawa vitani huko Wayna Daga. Watu wa Ulaya waliokuwa wakitazamia kwamba Prester John angewaokoa kwa askari zaidi ya milioni moja waliishia kumpelekea mia nne.

JARIBIO LA TEWODROS

Kuanzia mwaka 1769 hadi 1855 Uhabeshi ulipita katika kipindi kiitwacho Zemene Mesafint, yaani enzi ya wakuu. Wafalme wa Gondar walibaki na jina, na mabwana wa majimbo wakabaki na majeshi. Kassa Hailu, aliyetawazwa mwaka 1855 kwa jina la Tewodros II, alikusudia kuubadilisha mpango wenyewe. Aliwachanganya askari wa majimbo mbalimbali katika kikosi kimoja, alitaka walipwe badala ya kujilisha kwa wakulima, na aliweka wakuu ambao vyeo vyao havikuwa mahali katika kambi bali idadi ya watu: yasr aleqa, mkuu wa kumi; yamsa aleqa, mkuu wa hamsini; yameto aleqa, mkuu wa mia; na yashi aleqa, mkuu wa elfu.

Msikilizaji wa Kiswahili atatambua katika maneno hayo sauti anazozijua. Hamsa, ambayo kwa Kiamhari ni hamsini, na meto, ambayo ni mia, ni ndugu wa maneno ya Kiarabu ambayo Kiswahili kiliyachukua kwa ajili ya hesabu zizo hizo. Lakini tofauti baina ya vyeo vipya na vya zamani si ya sauti tu. Kiongozi wa kuume anajulikana kwa uhusiano wake na hema la bwana wake. Mkuu wa mia anajulikana kwa watu aliokabidhiwa, naye anaweza kupelekwa popote, chini ya bwana yeyote, bila ya cheo chake kupoteza maana. Hicho ndicho alichokitaka Tewodros.

Alichokikosa ni nafaka. Mishahara ilihitaji mapato, na mapato yalikuwa mikononi mwa mabwana na kanisa. Mwaka 1860 alitwaa sehemu ya ardhi ya kanisa, akajipatia adui mkubwa kuliko wote aliokuwa nao. Majimbo yaliasi moja baada ya jingine, askari walimtoroka, na Waingereza walipofika Magdala mwezi Aprili 1868, jeshi lililohesabiwa makumi ya maelfu lilikuwa limebaki elfu chache. Tewodros alijiua. Wahenga wa Kiswahili walinena kwamba mkono mtupu haulambwi, na historia ya jeshi lake ni ufafanuzi mrefu wa methali hiyo.

Yohannes IV, aliyetawala kuanzia 1872 hadi 1889, alichukua njia nyingine. Aliwakubali wafalme wa majimbo chini yake: Menelik wa Shewa mwaka 1878 na Tekle Haymanot wa Gojjam mwaka 1881. Mwaka 1882 wafalme hao wawili walipigana wenyewe kwa wenyewe huko Embabo, wakigombea nchi za kusini zenye mapato, na Tekle Haymanot akatekwa. Hivyo mpango wa zamani uliendelea, pamoja na hatari yake.

ADWA, 1896

Mwezi Septemba 1895 Menelik, ambaye sasa alikuwa mfalme wa wafalme, alipiga mbiu ya vita dhidi ya Waitalia waliokuwa wamesonga mbele kutoka Eritrea. Mabwana wa majimbo waliitikia. Ras Makonnen alikuja na jeshi la Harar, Ras Mikael na la Wollo, Ras Wole na la Yejju, Wagshum Gwangul na la Wag na Lasta. Huko kaskazini walikuwako Ras Mengesha Yohannes na Ras Alula wa Tigray, ambao nchi yao ndiyo iliyokuwa uwanja wa vita. Malkia Taytu alikuwa na askari wake mwenyewe. Na Tekle Haymanot wa Gojjam, yule aliyekuwa mateka wa Menelik miaka 13 kabla, alikuja pia.

Tarehe 7 Desemba 1895 watangulizi wa jeshi walikiangamiza kikosi cha Waitalia huko Amba Alage. Mwezi Januari ngome ya Mekelle ilizingirwa, na watu wake wakasalimu amri baada ya kukatiwa maji, shauri ambalo husemwa lilitoka kwa Taytu. Kisha majeshi mawili yalikaa yakitazamana karibu na Adwa, kila moja likingoja njaa imwondoe mwenzake. Jeshi la Uhabeshi, linalokadiriwa kuwa watu wapatao 100,000, lilikuwa limekwisha kula chakula cha nchi ile, na lilibakiwa na siku chache tu kabla ya kulazimika kutawanyika. Jenerali Baratieri alilijua hilo. Lakini serikali yake huko Roma ilimhimiza, na majenerali wake walimshauri asirudi nyuma. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi 1896 akaondoka na watu wapatao 17,000 na mizinga 56.

Kilichotokea usiku huo kinawahusu sana wataalamu wa lugha. Mchoro wa ardhi uliotumiwa na Waitalia ulikipa kilima kimoja jina la Kidane Mehret. Jenerali Albertone aliagizwa akishike kilima hicho. Waongozaji wake, ambao waliijua nchi na si mchoro, walimpeleka kwenye Kidane Mehret ya kweli, iliyokuwa maili kadhaa mbele. Alfajiri brigedi yake ilijikuta peke yake mbele ya jeshi zima la Menelik. Brigedi ya Dabormida nayo ilijitenga upande mwingine, na ya Arimondi ikabaki katikati bila ya wa kuume wala wa kushoto. Zilivunjwa kila moja kwa wakati wake. Arimondi na Dabormida waliuawa, Albertone alitekwa. Upande wa Italia ulipoteza watu wapatao 6,000 waliouawa, wakiwamo askari wengi wa Eritrea. Waliouawa upande wa Uhabeshi pia walikuwa maelfu, na miongoni mwao ni Fitawrari Gebeyehu, aliyeufia mwito wa cheo chake, mbele.

Mara nyingi husemwa kwamba Uhabeshi ulishinda kwa wingi wa watu. Maelezo hayo yanarudia, bila ya kujua, hesabu ya waraka wa Prester John. Wingi ulikuwako, lakini wingi usio na mpango haufiki Adwa kutoka Harar. Jeshi lenye mafunzo ya kisasa ndilo lililopotezana usiku. Na jeshi la mabwana wengi, waliokuwa wamepigana wao kwa wao, ndilo lililosimama kila mtu mahali pake.

GHARAMA NA MWISHO WAKE

Isidhaniwe kwamba mpango huo ulikuwa wa haki. Mkulima aliyeitwa gabbar ndiye aliyeubeba. Askari walipopita au kukaa kijijini walikula akiba na mbegu, na wanawake wa msafara walisaga nafaka na kubeba vyungu umbali ambao hakuna aliyeupima. Kati ya 1888 na 1892 sotoka iliua ng'ombe na njaa kuu ikafuata, na ndipo mzigo wa kulisha askari ulipojidhihirisha kuwa hauvumiliki. Mwaka 1892 Menelik aliamuru itolewe asrat, fungu la kumi la mavuno, ili askari wasikae tena majumbani mwa wakulima. Katika nchi za kusini zilizotekwa karibu wakati huo, wakulima waligawiwa askari wa kikosi cha ulinzi kwa idadi iliyolingana na cheo, na mzigo wao ulidumu muda mrefu baadaye.

Udhaifu wa upande wa amri nao ulijitokeza kila kiti cha mfalme kilipotetereka. Tarehe 27 Oktoba 1916, huko Segale, jeshi la Wollo chini ya Negus Mikael lilipambana na jeshi la Shewa, na wengi waliopigana siku hiyo pande zote mbili walikuwa wamepigana pamoja Adwa. Mwaka 1928 Dejazmach Balcha, shujaa wa mizinga ya Adwa na mtawala wa Sidamo, aliingia Addis Ababa na jeshi lake kumtisha Ras Tafari. Wakati yeye akikaribishwa karamuni, askari wake walishawishiwa watawanyike, naye alipotoka hakuwa na jeshi. Mpango uliomfanya askari awe wa anayemlisha haukuweza kumzuia askari huyo asilishwe na mwingine.

Tafari, aliyetawazwa mwaka 1930 kwa jina la Haile Selassie, alianza kujenga jeshi la mshahara. Walinzi wake, Kebur Zabagna, walifundishwa na maofisa wa Ubelgiji, na chuo cha maofisa kikafunguliwa Holeta kwa msaada wa Uswidi. Kazi hiyo ilikuwa mwanzoni tu Italia iliposhambulia tarehe 3 Oktoba 1935. Kaskazini walikuwako Ras Kassa, Ras Seyoum, Ras Imru na Ras Mulugeta, kila mmoja na jeshi lake. Manahodha wengi chombo huenda mrama: majeshi hayo yalishindwa moja baada ya jingine, na Dejazmach Haile Selassie Gugsa wa Tigray ya mashariki alikuwa amekwisha kwenda upande wa adui. Tarehe 31 Machi 1936 jeshi la mwisho, likiongozwa na mfalme mwenyewe, lilishindwa Maychew. Ni haki kukumbuka kwamba adui wa safari hii alikuwa na ndege za vita na hewa ya sumu, na kwamba mpango wowote wa vyeo usingeizuia sumu itokayo juu. Lakini yaliyowezekana Adwa, yaani majeshi ya majimbo kungojana na kupiga pamoja, hayakuwezekana tena.

HITIMISHO

Baada ya 1941 Ethiopia ilijenga jeshi moja la taifa. Dejazmach, qegnazmach na gerazmach yakawa majina ya heshima tu, hata utawala wa kifalme ulipoangushwa mwaka 1974. Vyeo vya Tewodros, kinyume chake, viliokoka. Jeshi la Ethiopia limeendelea kuwaita maofisa wake wakuu wa hamsini, wa mia na wa elfu, ijapokuwa leo idadi hizo hazihesabiwi. Mfalme aliyeshindwa kuwalipa askari wake aliwaachia warithi wake maneno ya kuwaitia.

Kiswahili kina historia tofauti katika jambo hili. Maneno yake ya vita yaliingia kwa njia ya bahari na ya dola: askari, amiri na akida kutoka Kiarabu; jemadari kutoka Kiajemi na lugha za Bara Hindi; bendera kutoka Kireno; na baadaye koplo, sajini na meja kutoka Kiingereza. Kila kundi la maneno linatuonyesha ni nani aliyekuwa akitoa amri wakati lilipoingia. Hilo si la kuonea haya. Lakini ni ushahidi, na wenye kazi ya kuunda istilahi wangefanya vyema kuusoma kama ushahidi.

Waraka wa Prester John ulihesabu askari 1,430,000 na ukawaacha nje watunza chakula. Ufalme uliopewa jina lake uliishi na kufa kwa mambo mawili ambayo waraka haukuyahesabu: nani anasimama wapi, na nani amemlisha. La kwanza limeandikwa katika vyeo, na ndiyo sababu bado linasomeka. La pili liliandikwa katika maghala ya wakulima, nayo yalikwisha kuliwa.